Waache, Popi na Usiku wa Fataki

Usiku wa Bongwe, kijiji cha Kwale, pwani ya Kenya, nilikokulia, ulikuwa na sauti nyingi, na mbwa walizijua zote. Komba walilia kwenye mikorosho, bundi akaitikia, na kusi ikivuma sawasawa tulisikia bahari ikipiga mwamba huko Diani ingawa kutoka kwetu haionekani. Penye harusi, sengenya ilianza baada ya isha ikakesha. Gari lilikuwa jambo la nadra. Likipita usiku, asubuhi watu waliulizana lilikuwa la nani na lilimfuata nani. Mbwa hawakubweka ovyo. Aliyelala ndani alijua kwa mlio wao kama ni mgeni njiani au nguruwe mwitu kwenye mihogo, akaamua kuamka au kujifunika tena.

Mbwa wetu aliitwa Waache. Baba alimpa jina hilo kwa sababu ya maneno ya watu, kwani kijijini hapakukosa wa kuuliza Mwislamu anafuga mbwa wa nini. Baba hakuwa mbishi. Alijibu kwamba mbwa wa shamba, wa mifugo na wa kuwinda wameruhusiwa, na kwamba asiyeona haja yake aje alale shambani kwetu msimu wa mahindi, apambane yeye na ngedere mchana na nguruwe usiku. Waache alikaa nje, chombo chake kiliwekwa mbali na vyombo vyetu, na aliyelambwa alijua wajibu wake wa kuosha mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Mpaka huo ulikuwa wazi na haukumpunguzia mtu huruma. Nayasema haya mapema kwa sababu karibu ushauri wote unaotolewa leo kuhusu mbwa wanaoogopa fataki huanza na agizo moja: mwingize ndani. Kwetu mbwa haingii ndani. Na bado anaogopa, na bado anahitaji kusaidiwa.

Si kwamba zamani hapakuwa na vishindo. Siku ya Idi wavulana walitengeneza baruti ya spoki: kile kichwa cha spoki ya baiskeli kinajazwa unga uliokwanguliwa kwenye njiti za kiberiti, msumari unachomekwa, ukanda wa mpira unaushikilia, kisha kinapigwa ukutani. Paa! Moshi kidogo, harufu ya kiberiti, na kicheko. Nyani wakivamia shamba tulipiga madebe mpaka mikono ikafa ganzi. Haya yote Waache aliyavumilia, kwa sababu aliyaona yakifanywa na anayeyafanya alimjua. Mtoto akiinua mkono, mbwa anaona mkono ukiinuka. Ngoma nayo ina mwendo, huanza pole ikapanda, na sikio hujua pigo lijalo litaangukia wapi.

Radi ndiyo iliyomshinda. Masika yalipoanza, baba alikikarabati kibanda alichomjengea nyuma ya jiko, chini ya mkorosho. Kilikuwa kifupi, cha kukandikwa kwa udongo, kuta nene kuliko ilivyohitajika, makuti yamepangwa mazito hadi karibu yaguse ardhi, na mlango umeelekezwa bara ili mvua ya baharini isipige ndani. Chini palitandikwa gunia. Wingu likijikusanya, Waache alikuwa keshaingia kabla sisi hatujaanua nguo. Baba naye alivuta kigoda akakaa mlangoni pa kibanda, chini ya upenu wa jiko, akichonga mpini au akisokota kamba, akizungumza maneno ya kawaida kabisa: mihogo, bei ya korosho, nani ameoa wapi. Hakumbembeleza wala hakumkemea. Ila Waache akimsogelea, alimwacha akae karibu.

Siku moja jirani alimwambia, "Bwana, mbwa huyu unamdekeza. Atakuwa mwoga."

Baba akajibu, "Mwoga keshakuwa. Mimi namngoja apoe."

Nimeliwaza jibu hilo mara nyingi katika miaka hii, kwa sababu wakati ule karibu watu wote, hata wataalamu wa mbwa huko Ulaya na Marekani, walishikilia upande wa jirani. Ilisemwa kwamba ukimtuliza mbwa anayetetemeka unamfundisha kutetemeka. Leo madaktari wa tabia za wanyama wameliacha wazo hilo. Hofu si hila anayoifanya mbwa apate zawadi. Ni hali inayomshika, moyo ukaenda mbio, na huwezi kumzidishia mtu hofu kwa kumkalia karibu na kumpa utulivu. Baba hakuwahi kusoma hayo popote.

Kisha ikaja Agosti ya 1997. Usiku wa tarehe 13 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na kwa wiki kadhaa pwani yetu ya kusini ililala kwa milio ya risasi. Watu wa bara waliuawa na kufukuzwa makwao. Vijana wa Kidigo nao wakasakwa nyumba hadi nyumba. Msitu wa Kaya Bombo ukawa jina la fujo zote zile. Hoteli ziliachwa tupu. Sitaki kuyaeleza zaidi ya hapo, kwa kuwa waliopoteza watu wao wanayaeleza vizuri kuliko mimi. Ninachotaka kusema ni kilichobaki katika masikio. Baadaye, upepo ukibamiza mlango, mama alishika kifua. Gurudumu la lori likipasuka huko barabara kuu, wanaume waliokaa barazani walisimama kwa pamoja, kila mmoja akiwa keshatazama njia ya kichakani. Hakuna aliyemcheka mwenzake. Ilikuwa ni jambo linaloeleweka kwamba kishindo kinaweza kumwingia mtu kikakaa.

Kilimwingia na Waache. Mbwa aliyekuwa akicheza karibu na baruti za spoki sasa aliingia kibandani mtu alipoangusha sufuria. Mwanasayansi Ivan Pavlov aliwahi kuona kitu cha namna hiyo kwa mbwa wake mwenyewe. Septemba ya 1924 mto Neva ulifurika huko Leningrad, maji yakaingia katika maabara, mbwa wakaelea ndani ya vizimba vyao huku wakiinua pua juu ya maji mpaka walipookolewa. Waliokolewa wazima. Lakini baadhi yao hawakuwa tena mbwa wale wale. Waliyofunzwa kwa muda mrefu yakawapotea, na maji kidogo tu yakichuruzika chini ya mlango yaliwarudisha katika siku ile. Jeraha halikuonekana mwilini, ila lilikuwepo.

Hoteli za Diani zilikuwepo tangu zamani, na wageni wake walishangilia mwaka mpya miaka yote hiyo. Lakini nikumbukavyo, kwa upande wetu kishindo kilianza kufika kwa nguvu usiku ulimwengu ulipoingia mwaka 2000. Tulitoka sote kwenye uwanja. Kwanza mwanga ulipanda juu ya minazi ya mashariki, mwekundu, kisha wa kijani, ukafunguka na kudondoka polepole. Ulikuwa mzuri, siwezi kusema vinginevyo. Mlio ulikuja nyuma. Sauti husafiri kilomita moja kwa karibu sekunde tatu, kwa hiyo tuliokaa bara tuliona kwanza na kusikia baadaye, na watoto walijifunza upesi kuhesabu, moja, mbili, tatu, mpaka "bumu" likafika na kutikisa mabati ya jirani. Kwa mtoto anayehesabu, kishindo kina saa yake. Mbwa hatazami juu. Kwake ni ngurumo inayotoka pasipo wingu, pasipo upepo, pasipo harufu ya mvua, katika usiku mkavu wa kaskazi ambao haukumwonya hata kidogo.

Waache alikuwa mzee wakati huo. Hakuingia kibandani. Pengine kishindo kilimkuta mbali na kibanda, au pengine alisikia kwamba hiki hakitoki angani bali kinatoka upande mmoja, akakimbilia upande wa pili. Alikimbia kuelekea Muhaka. Asubuhi ya mwaka mpya alionekana na watu wasiomjua, anatweta, mate yanamtiririka, macho yamemtoka, hasikii akiitwa, anayumba huku na huku. Kila mtoto wa Kwale amefundishwa mbwa wa namna hiyo ni mbwa gani. Walimpiga kwa mawe na magongo. Aliyetuletea habari alisema kwa upole kwamba walidhani ana kichaa, na baba aliitikia kwa kichwa, akaenda kumzika.

Siwalaumu watu wale, na baba hakuwalaumu. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona, na miongoni mwa wanaokufa watoto ni wengi. Kilichoniuma, na kinaniuma hadi leo, ni kwamba mbwa aliyejaa hofu na mbwa mwenye kichaa wanaweza kufanana kabisa machoni pa mtu aliyeshika gongo. Mate, kuhema, kutangatanga, kutotambua sauti ya mwenyewe. Fataki humfanya mbwa mzima aonekane mgonjwa, halafu humtupa kwenye kijiji cha watu asiowajua. Wengine hawafiki huko. Hugongwa kwenye barabara ya Likoni kwenda Lungalunga, na tarehe mosi Januari ukipita asubuhi utawaona.

Baba hakufuga mbwa mwingine. Alisema shamba limepungua, na kweli lilikuwa limepungua, maana viwanja vilikwisha anza kuuzwa. Kibanda kilibomoka chenyewe kwa mvua za miaka miwili mitatu.

Bongwe ya sasa ina taa. Ina bodaboda usiku kucha, ina nyumba za ghorofa, ina majumba ya kukodisha yenye bwawa la kuogelea nyuma ya ukuta wa matumbawe. Fataki si za usiku mmoja tena. Huanza Krismasi, zikapita mwaka mpya, na katikati ya mwaka zinarudi kwa harusi na siku za kuzaliwa za wageni. Na mbwa wameongezeka, kwa sababu kila penye ukuta pana mbwa wa kuulinda. Mimi ninaye Popi, jike wa rangi ya mchanga, mwenye sikio moja lililosimama na moja lililolala. Analala nje kama Waache alivyolala nje.

Popi nimemsoma. Anayesubiri mpaka mbwa atetemeke amechelewa, kwani hofu huanza mapema na kwa vitu vidogo. Hupiga miayo wala hana usingizi. Hulamba pua yake tena na tena. Huacha chakula anachokipenda. Kisha mkia huufyata, masikio huyalaza, na hapo huanza kuzunguka baraza bila kutulia. Baraza letu lina sakafu ya saruji, na nikimulika taa naziona nyayo zake zimeachwa hapo zikiwa na majimaji, kwa kuwa mbwa hutoka jasho nyayoni. Nyayo hizo hukauka kwa dakika chache. Zikiwa nyingi, najua alikuwa ameshaogopa kabla mimi sijasikia chochote. Sikio lake hufika mbali kuliko langu: binadamu mwenye masikio mazuri huishia kwenye mawimbi ya 20,000 kwa sekunde, mbwa hufika karibu 45,000. Mluzi wa fataki inapopanda, ule tunaousikia kwa shida kutoka Diani, kwake huenda ni ukelele.

Mwaka 2020 ulipokwisha, nilipata nafasi ya kuona usiku ungekuwaje bila fataki. Kafyu ilikuwa nchi nzima, kuanzia saa nne usiku, kwa sababu ya korona. Hoteli zilikuwa na wageni wachache, na walio wachache hawakuruhusiwa kutoka. Saa sita ilifika na kupita. Popi alikuwa amelala ubavu kwenye mchanga, miguu imenyooshwa, na nilisikia komba. Sikuwa nimewasikia usiku wa mwaka mpya tangu utotoni. Ulikuwa mwaka wa misiba na njaa, watu wengi wa hoteli wamepoteza kazi, na sitamani urudi. Lakini usiku ule niliusikia mji wetu ulivyokuwa, nikalia.

Kafyu iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na Desemba yake watu walishangilia kwa nguvu zote walizokuwa wamezizuia. Popi alivunja chaga la kuku akijaribu kuingia chini yake, akang'oa ukucha. Ndipo nikaenda kwa daktari wa mifugo, nikauliza maswali yote niliyopaswa kuuliza kwa niaba ya mbwa wawili.

Nilichojifunza kwanza ni kwamba hofu ya aina hii haiishi yenyewe kwa mazoea. Watu husema, mwache, atazoea. Baadhi ya mbwa huzoea kweli, lakini aliyekwisha kuogopa sana huzidi mwaka hadi mwaka, na kila kishindo kinaongeza deni juu ya deni. Pili, dawa zipo, lakini si kila kinacholaza mbwa kinamwondolea hofu. Ipo dawa ya usingizi inayotumika sana, asepromazini, ambayo ikitumika peke yake humlegeza mwili akashindwa kukimbia huku moyoni bado anasikia na bado anaogopa. Kutoka nje anaonekana ametulia. Daktari wangu alinieleza hilo bila kuulizwa, na nilimheshimu kwa hilo. Zipo dawa nyingine zinazopunguza hofu yenyewe, na hizo hutolewa na daktari kwa kupima uzito na afya ya mbwa. Vidonge vya binadamu vilivyobaki kabatini vinaweza kumuua.

Jambo la tatu ndilo lililonirudisha kwa baba. Mtafiti Stefanie Riemer wa Chuo Kikuu cha Bern, Uswisi, alichapisha mwaka 2020 majibu ya wenye mbwa zaidi ya 1,200 kuhusu walichojaribu dhidi ya hofu ya fataki. Njia iliyosifiwa na zaidi ya asilimia 70 ya walioitumia haikuwa kifaa cha dukani. Ni kumpa mbwa kitu kitamu au kucheza naye kila mara baada tu ya kishindo, ili kishindo kiwe habari ya neema. Fulana za kumbana mbwa kifua zilisifiwa na chini ya nusu. Dawa za mitishamba na mafuta ya kunusisha zilikuwa nyuma zaidi.

Basi Popi nilimfunza kwa dagaa. Nilianza mwezi wa Agosti, mbali kabisa na msimu, kwa sababu mafunzo ya wiki ya mwisho ni sawa na kumfundisha mtu kuogelea ndani ya dhoruba. Nilipata milio ya fataki iliyorekodiwa, nikaicheza kwenye spika ndogo iliyofunikwa kwa mto, chini mpaka mimi mwenyewe niliisikia kwa shida. Mlio, kisha dagaa. Mlio, kisha dagaa. Utaratibu ni huo: sauti itangulie, chakula kifuate. Akila kwa raha, siku nyingine sauti inapanda kidogo. Akisita, akilamba pua, nimeenda mbio na lazima nirudi chini. Spika ya simu haitoshi, kwa kuwa haina ile ngurumo ya chini inayoingia kifuani na kutikisa bati, kwa hiyo aliyefuzu kwa simu bado hajafuzu kwa fataki. Lakini anakuja usiku wenyewe akiwa na akiba fulani ya wema kichwani.

Halafu nilimjengea kibanda. Sikuiga picha za vitabu, za chumba chenye mapazia mazito na kochi. Niliiga kibanda cha baba: kuta za kukandika, nene, makuti hadi chini, mlango umeupa mgongo ufuo. Udongo huzuia sauti vizuri kuliko bati, na bati juu ya mbwa mwoga ni adhabu. Ndani nimetandika gunia na kanga yangu niliyokwisha ivaa, yenye harufu yangu. Kanga hiyo ni yake moja kwa moja. Kibanda kilikuwapo miezi mingi kabla ya Desemba, alilala humo mchana kwa hiari yake, nikamtupia dagaa humo bila sababu. Mbwa akitiwa kwa nguvu mahali asipopajua, tena usiku wa vishindo, huko nako kunakuwa sehemu ya kishindo.

Usiku wenyewe una mpango wake. Mchana anatembezwa hadi achoke, na anarudi kabla ya magharibi, maana wapo wasiosubiri saa sita. Anakula mapema. Geti linafungwa na kukaguliwa, pamoja na lile pengo la ukuta alilochimba zamani. Simfungi kamba, mbwa anayejirusha kwa hofu anaweza kujinyonga kwa kamba aliyofungwa kwa nia njema. Shingoni ana ukanda wenye namba ya simu, na chanjo yake ya kichaa haijapita wakati. Nchi yetu imejiwekea lengo la kumaliza vifo vya kichaa kinachotokana na mbwa ifikapo 2030, na karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, sehemu nyingi kuna chanjo za hadhara. Ningemwomba kila mwenye mbwa ampeleke. Ukanda shingoni humwambia mtu wa kijiji kingine kwamba mbwa huyu ana mwenyewe, na huenda ukamfanya ashushe gongo kwa muda wa kupiga simu. Waache hakuwa na ukanda.

Redio nayo naiwasha upenuni, si kwa sauti ya kushindana na fataki bali ya kuzichanganya. Na mimi nakaa kwenye kigoda mlangoni pa kibanda. Nazungumza mambo ya kawaida.

Haya ni ya kwangu nyumbani, lakini sidhani mzigo wote ni wa mwenye mbwa. Kwa sheria ya Kenya fataki si mchezo wa kununuliwa na kupigwa atakavyo mtu. Ziko chini ya Sheria ya Vilipuzi, Sura ya 115, na zinahitaji kibali. Zipo pia kanuni za kelele za mwaka 2009. Katika kaunti hii hii, ndovu wa Shimba Hills wakiingia mashambani hurudishwa msituni kwa milio ya baruti. Tunajua basi vizuri kabisa kishindo humfanya nini mnyama. Tunakitumia kwa kazi hiyo. Diani ina mbega ambao wageni huja kuwapiga picha, na tangu 1997 lipo shirika la Colobus Conservation linalowafungia madaraja ya kamba juu ya barabara ili wasigongwe. Mbega hao hulala kwenye miti ile ile ambayo fataki hupasuka juu yake.

Najua hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito: hoteli ndizo zinazolisha nyumba nyingi Bongwe, na mgeni amekuja kufurahi. Lakini mgeni wa kwetu ni msikivu kuliko tunavyomdhania. Katika msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo, ulio miongoni mwa kaya zilizotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, huelezwa asichopaswa kufanya, naye hutii na hushukuru. Wazee waliweka sharti na halikumfukuza mtu. Huko Italia, mji wa Collecchio uliamua kwamba fataki zipigwe zile za kelele ndogo kwa ajili ya wanyama, na watu wake bado wanatazama taa angani. Taa ndizo tulizozishangilia sisi pia mwaka ule, uwanjani. Kishindo hakuna aliyekiomba.

Na ikishindikana kupunguza kishindo, kitangazwe. Mwaka uliopita nilimwendea mlinzi wa moja ya nyumba za kukodisha, kijana wa Msambweni, nikamuuliza kama bosi wake atapiga. Akasema, "Dada, ni saa sita kamili, dakika kumi tu, halafu basi." Akanipa namba yake nimkumbushe. Dakika kumi zinazojulikana ni tofauti kabisa na usiku mzima wa kuvizia. Nilikuwa na dagaa tayari kwenye kibakuli, kigoda mahali pake, na saa sita kasoro Popi alikuwa ndani ya kibanda kwa miguu yake mwenyewe. Alitetemeka. Bado anatetemeka, na huenda atatetemeka maisha yake yote. Lakini baada ya kila mlio alinyoosha shingo akachukua dagaa, na baba alikuwa akisema mbwa anayekula bado yuko nasi.

Mwaka huu nimeanza kuzunguka mapema, nyumba kwa nyumba upande wa ufuo, nikiomba saa. Hoteli mbili hazijanijibu. Chifu amekubali kuzitangaza kwenye kikundi cha simu cha kijiji, zikipatikana, na mzee wa mtaa amesema Muhaka nao waelezwe, ili mbwa wa watu akionekana huko asubuhi ya tarehe mosi akiwa na ukanda shingoni, apewe maji kwanza na mwenyewe apigiwe.